Safari ya Vuga na Shauri la Rangi za Ukuta

Msafiri aendaye milima ya Usambara huiacha barabara kuu pale Mombo, katika joto la nyika, akaanza kupanda. Barabara yapindapinda ubavuni mwa mlima, upande mmoja jabali, upande wa pili korongo. Na kila kona ipitwapo joto hupungua, hata akifika Soni, penye maporomoko ya maji yaonekanayo kutoka njiani, msafiri hulitafuta koti lake. Wenyeji huiita nchi yao Shambaai, na huitenga na nyika iliyo chini kama mtu atengavyo nyumba yake na uwanja.

Safari hii mimi sikupanda kwa ajili ya kutazama mandhari. Dada yangu, aliyeolewa Vuga akafiwa na mumewe huko huko, aliniita kwa simu. Binti yake ameposwa, nikahi imewekwa baada ya wiki tatu, na nyumbani kumezuka shauri ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, "halimaliziki bila ya mjomba mtu." Nikamwuliza ni shauri gani. Akajibu: "Shauri la rangi ya ukuta." Nikacheka. Nilipofika Vuga sikucheka tena.

Ndugu msomaji, huenda nawe wajiona jambo la rangi ni dogo, halistahili kurasa za gazeti la dini. Nakuomba unifuate mpaka mwisho, kwani katika ukuta ule mmoja nilikuta mambo matatu ambayo hayakosekani katika nyumba zetu nyingi: mapenzi ya uzuri, hofu ya kusemwa na watu, na mali ya mtu mwingine.

MJI WA KIMWERI

Vuga ya leo ni mahali pa utulivu katika wilaya ya Lushoto, penye migomba, mikahawa na mashamba ya mboga yaliyotundikwa ubavuni mwa milima. Mgeni asiyeambiwa hawezi kudhani kuwa hapa palikuwa kiti cha ufalme. Lakini ndipo walipokaa wafalme wa Kikilindi, nao Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alitawala kutoka hapa nchi iliyofika mpaka pwani. Mmisionari Krapf alifika kwake mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Mwaka 1857 walikuja Waingereza wawili, Burton na Speke. Burton ameandika kuwa aliambiwa mji una nyumba kama 500 na watu kama 3,000, na kwamba wageni hawakuruhusiwa kukaa ndani yake.

Habari za wafalme hao hatukuachiwa na Wazungu peke yao. Mwislamu wa pwani, Abdallah bin Hemedi, alizikusanya katika kitabu chake *Habari za Wakilindi*, ambacho kilichapwa upya mwaka 1962, na mpaka leo hakuna asomaye historia ya Usambara asikitafute. Kijana wa Kiislamu ayajue hayo, asidhani kuwa wazee wake walikuwa watu wa kusimuliwa tu.

Nyumba za Vuga ya zamani zilikuwa za mviringo, zenye paa la majani lililochongoka. Burton ameeleza namna zilivyojengwa: fito ziliwekwa kwa mzunguko, zikavikwa majani ya migomba, zikafungwa katika miti iliyosimama, kisha ndani zikakandikwa udongo. Hapakuwa na chokaa wala rangi ya duka. Na mfalme na raia wote walikaa ndani ya udongo mmoja. Baada ya kufa Kimweri, vita viliwagawanya watu wa ukoo wake, mji ukachomwa moto, nyumba zile zikarudi kuwa udongo. Mwenye kusimama juu ya kilima kile leo haoni alama ya fahari hata moja. Aona udongo tu, mwekundu, umelala mahali pake kama ulivyolala kabla ya wafalme.

Nilipokuwa nikipita katika njia ile iliyokatwa ubavuni mwa mlima, niliitazama kingo iliyo wazi: juu rangi ya kahawia, chini yake nyekundu kama kutu, mahali pengine manjano, na mahali mkanda mweupe. Nikakumbuka kuwa Mwenyezi Mungu Mtukufu, katika Suratu Faatir, aya ya 27, atutaka tuyatazame haya haya: njia nyeupe na nyekundu zilizomo milimani, zenye rangi mbalimbali, na nyingine nyeusi mno. Sikujua bado kuwa aya ile itanifaa kazi kabla ya juma kwisha.

UKUTA ULIOVIMBA

Nyumba ya dada yangu ni ya miti na udongo, imekandikwa vizuri, imeezekwa mabati. Shemeji yangu, Mungu amrehemu, aliijenga kwa mikono yake. Nilipokwisha kula na kuswali, mpwa wangu wa kiume akaja akanipa shikamoo, akatoa simu yake kunionyesha picha.

Kijana huyu amefanya kazi Tanga kwa mafundi wa rangi, na ana mkono mwema, sisemi kwa upendeleo. Katika picha zile niliona sebule za watu wa mjini, ambazo kuta zake zaonekana kama marumaru, nazo si marumaru ila rangi tu. Akanieleza namna ifanywavyo. Kwanza ukuta hupakwa rangi ya mafuta nyeupe, ukaachwa ukauke. Kisha hupakwa rangi nyepesi ya kijivu juu yake, na kabla haijakauka fundi huchukua unyoya wa kuku, akauchovya katika rangi nzito, akauburuta kwa kutetemesha mkono; hapo hutokea mishipa kama ile iliyo katika jiwe. Mwisho hupitisha brashi kavu juu ya mishipa kwa mkono mwepesi, ikafifia, ikawa kama imo ndani ya jiwe, si juu yake. Na ukitaka ukuta ufanane na mbao, wapaka rangi ya kahawia juu ya manjano, ukaikwaruza kwa kichanuo ingali mbichi, ikatokea mistari ya mti.

"Mjomba," akaniambia, "siku ya harusi watakuja watu wa mume kutoka Tanga. Sitaki wamwone dada yangu ametoka katika nyumba ya udongo."

Nikamwuliza gharama. Akanyamaza kidogo. Makopo kumi amekwisha kuyaleta, nusu kwa fedha yake, nusu kwa mkopo wa duka. Deni hilo lingelipwa na nini? Hapo dada yangu akainamisha macho, nami nikafahamu kwa nini nimeitwa. Baba yao amekwisha kufa, babu pia. Kijana huyu ndiye ndugu wa baba na mama, ndiye walii wa dada yake. Mahari ililetwa mikononi mwake. Naye alikusudia kuchukua sehemu ya mahari hiyo akalipie rangi, kisha airudishe "pole pole."

Binti alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchicha. Nikamwuliza: "Nawe, mwanangu, umeridhia?" Akajibu bila ya kuinua kichwa: "Mjomba, mimi sikuulizwa."

Nyumba nzima ikawa kimya.

Usiku ule sikumjibu kijana neno. Asubuhi nilimwendea ami yao, ndugu wa marehemu, mzee ambaye amekandika nyumba nyingi za Vuga kuliko mtu mwingine aliye hai. Alikuja na mkongojo wake, hakuuliza habari za marumaru, wala mahari. Alikwenda moja kwa moja mpaka ukuta wa nyuma wa sebule, ambao mpwa wangu aliupaka rangi ya mafuta mwaka uliopita kwa kujaribu. Kwa mbali ulikuwa unang'aa. Kwa karibu niliona malengelenge, mengine kama senti, mengine kama kiganja. Mzee akalibonyeza moja kwa kidole gumba. Ngozi ya rangi ikapasuka, na nyuma yake udongo ukamwagika, mbichi, laini kama unga uliotiwa maji.

"Ukuta wa udongo wapumua," akasema. "Masika maji hupanda kutoka chini, na ukungu huingia kutoka nje, kiangazi ukuta huyatoa. Wewe, mwanangu, umeuziba pua. Maji yamekosa njia, yamekaa ndani yakiula udongo. Ukiupaka nyumba nzima hivi, harusi utaiona, lakini masika ya tatu hutaiona nyumba ya baba yako."

Maneno yale ni kweli, na kila mwenye nyumba ya udongo ayashike. Rangi ya mafuta ni kama mpira juu ya ukuta. Hairuhusu unyevu kutoka. Hata plasta ya saruji nzito juu ya udongo hufanya vivyo hivyo: nje yaonekana ngumu, ndani udongo wafa, na siku moja bamba zima huanguka. Katika nchi ya ukungu na mvua mbili kwa mwaka kama Shambaai, madhara hayo huja haraka zaidi.

DINI YASEMAJE?

Alasiri, tukitoka msikitini, mpwa wangu aliniuliza swali ambalo lilionyesha kuwa usiku ule hakulala vema. "Mjomba, kuhusu ukuta nimefahamu. Lakini niambie, kuiga marumaru kwa rangi ni haramu? Maana yake ni uwongo?"

Nilimjibu kama nilivyofundishwa, nami nakuandikia, ndugu msomaji, upime.

Katika Sahihi ya Muslim mna habari ya Bibi Aisha (R.A.), kwamba aliweka kitambaa mlangoni Mtume (S.A.W.) alipokuwa safarini. Aliporudi alionyesha kuchukia, akakivuta, akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakutuamuru kuyavisha nguo mawe na udongo. Bibi Aisha akakikata, akafanya mito miwili, akaijaza nyuzi za mtende, na Mtume hakumlaumu kwa hilo. Imamu Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafi, ameeleza kuwa jambo hili ni la karaha, si haramu. Lakini tazama hekima yake: kitambaa kile kile kilichokuwa cha kutazamwa ukutani, kilipogeuzwa kikawa cha kumfaa mtu aketiye, kilikaa nyumbani kwa salama.

Kadhalika Bukhari ametaja kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alipoamuru kujengwa msikiti alimwambia mjenzi awakinge watu na mvua, na ajihadhari na rangi nyekundu na manjano zisije zikawafitini. Hayo ni ya msikiti, mahali ambapo moyo watakiwa uwe kwa Mola wake. Nyumba ya mtu si msikiti. Walakini utaratibu ni ule ule: kwanza kinga ya mvua, kisha rangi. Mwenye kutanguliza rangi ameugeuza ujenzi juu chini.

Ama kuiga, nilimkumbusha habari mbili. Ya kwanza ni ya Malkia wa Sabaa katika Suratun Naml, aya ya 44. Nabii Suleiman (A.S.) alimwingiza katika jumba ambalo sakafu yake ni kioo, naye akadhani ni maji, akapandisha nguo yake. Jicho lilidanganyika, lakini alipoelezwa kuwa ni kioo, ndipo alipokiri kuwa ameidhulumu nafsi yake, akasilimu. Kufanana kwa kitu na kitu kulimfikisha kwenye haki.

Habari ya pili ni ya Msikiti Mkuu wa Kordoba, huko Andalusi. Abdul-Rahman wa kwanza alipouanzisha mnamo mwaka 785, matao yake yalijengwa kwa kupokezana jiwe jeupe na tofali nyekundu, na uzuri huo wajulikana dunia nzima. Miaka 200 baadaye, mnamo mwaka 987, Al-Mansur alipouongeza, mafundi wake walijenga matao ya jiwe tupu, kisha wakapaka rangi nyekundu mahali ambapo pangalikuwa na tofali. Waislamu wakaswali chini yake miaka mingi, mpaka mji ulipochukuliwa na Wakristo mwaka 1236. Hakuna aliyedanganywa bei, hakuna aliyeuziwa rangi kwa jina la tofali. Rangi ile ilikuwa ni heshima kwa kazi ya waliotangulia.

"Basi si haramu," kijana akasema, uso ukimkunjuka.

"Ngoja," nikamwambia. "Umeisikia ile Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyemwuliza Mtume kama ni vibaya kumwonyesha mke mwenziwe kuwa amepewa na mume kitu ambacho hakupewa? Mtume alimfananisha mwenye kujionyesha kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uwongo. Sasa jiulize mwenyewe. Rangi yako wataka impendeze dada yako, au wataka wale wa Tanga wadhani mna kitu ambacho hamna? La kwanza ni pambo. La pili ni ile nguo. Na brashi ni ile ile moja. Tofauti imo moyoni mwa aishikaye."

Kisha nikamwambia habari ya mahari, kwa ufupi, kwa sababu haihitaji urefu. Suratun Nisaa, aya ya 4, yaamuru wanawake wapewe mahari zao. Na ikiwa wenyewe, kwa ridhaa ya nafsi zao, watatoa chochote, hapo ndipo yaweza kuliwa. Walii ni mlinzi; hana sehemu ndani yake. Hata kuazima bila ya kuulizwa mwenyewe ni kuazima kwa mwizi. Na msichana aliyenyamaza kwa haya, mbele ya ndugu yake mkubwa, siku chache kabla ya nikahi, usimhesabu kuwa ameridhia.

Hakujibu. Tulipofika nyumbani aliingia chumbani, akatoka na bahasha, akaiweka mapajani mwa dada yake bila ya neno. Binti akailaza chini ya mkeka aliokalia, akaendelea na kazi yake. Nimehudhuria suluhu nyingi za maneno mengi. Sikumbuki iliyonipendeza kuliko ile.

KAZI YENYEWE

Sasa nitaeleza tulivyofanya, kwa manufaa ya kila mwenye nyumba ya udongo na mfuko mdogo.

Kwanza tuliuponya ukuta. Rangi ya mafuta ilibanduliwa yote, udongo uliokufa ukakwanguliwa, ukuta ukaachwa wazi siku tano ukauke. Ami akachanganya udongo mwekundu na mchanga, majani yaliyokatwakatwa na samadi ya ng'ombe, akaulaza usiku kucha, asubuhi akakandika. Majani huzuia nyufa, mchanga hupunguza kunywea. Asiyetia mchanga ataona ukuta umepasuka kama tope la bondeni lililokauka.

Pili tulitafuta rangi, na hapo ndipo ile aya ilipotufaa. Kijana alichukua jembe na vikapu vinne, akaenda katika ile kingo ya njia, akarudi na udongo mwekundu, manjano na mweupe. Wekundu wa udongo wa milima hii ni kutu ya chuma iliyomo ndani yake. Jua haliufifishi, na chokaa haiuli. Tulitwanga, tukaloweka, tukachuja kwa kitambaa, tukaacha ukatuama, tukaumwaga maji ya juu. Kilichobaki chini ni rangi laini kama siagi. Ami alituonyesha ajabu moja: udongo wa manjano ukikaangwa juu ya moto hugeuka mwekundu, na kwa kuuondoa motoni mapema au kuuchelewesha wapata rangi za katikati, kama ile ya ngozi ya chungwa bovu au ya tofali. Kwa rangi ya kijivu tulitwanga mkaa.

Tatu ni chokaa, tuliyoinunua Mombo. Jiwe la chokaa likichomwa hutoa hewa iliyofungwa ndani yake. Chokaa ikizimwa kwa maji na kupakwa ukutani huivuta tena hewa ile kidogo kidogo, ikarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ipakwe nyembamba kama maziwa, mara tatu au nne, juu ya ukuta uliolowanishwa kwanza. Ipakwayo nzito mara moja huchubuka ukiigusa. Udongo wa rangi usizidi fungu moja kwa mafungu kumi ya chokaa, maana ukizidi rangi hutoka na nguo za mtu aegemeaye. Watoto wawekwe mbali, na mwenye kupaka aangalie macho yake, kwa kuwa chokaa mbichi huunguza vibaya.

Katika kuchagua rangi, mafundi hawa wawili, mzee na kijana, hawakupatana kwa urahisi, na katika mabishano yao nilijifunza mengi. Kijana alitaka sebule yote iwe nyekundu. Mzee akamchukua alfajiri, ukungu ukingali umelala, akamwambia asome herufi za msahafu karibu na ukuta mwekundu, kisha karibu na mweupe. Katika nyumba yenye madirisha madogo, na mahali ambapo jua huchelewa kuvuka mlima, rangi ya giza huila nuru. Wakakubaliana: juu, chokaa iliyotiwa manjano kidogo, ambayo huupasha moto mwanga wa baridi, chini, mkanda mwekundu wa kufika gotini. Mkanda ule wa giza waonekana katika nyumba nyingi za udongo, na watu hudhani ni urembo tu. Asili yake ni akili: nje matone ya mvua hurusha tope, ndani ufagio na miguu ya watoto huchafua, wekundu huficha, na mahali hapo hupakwa upya kila mwaka bila ya kugusa juu. Chumba cha bibi harusi kilipakwa chokaa nyeupe iliyotiwa bluu ya kufulia, kiasi cha ncha ya kijiko, ambayo huufanya weupe uonekane mweupe zaidi.

Tena walijaribu kila rangi kwanza mahali pa siri nyuma ya mlango, wakaacha siku mbili. Chokaa mbichi yaonekana nzito, ikikauka hufifia sana. Mwenye kuchagua rangi ndani ya ndoo atajuta ukutani.

Je, ule ufundi wa kijana ulipotea? La. Ami mwenyewe ndiye aliyemwambia: "Mkono wako ni mwema, usiutupe. Uupe kitu ambacho ukuta waweza kukibeba." Basi juu ya ile manjano ya sebule alichovya kitambaa kilichokunjwakunjwa katika chokaa nyepesi zaidi, akagusa ukuta, akageuza kitambaa, akagusa tena, asirudie mahali pamoja kwa namna moja. Siri ya kazi hiyo ni kuwa rangi mbili ziwe jamaa, si wageni: zikitofautiana sana ukuta huonekana una ugonjwa wa ngozi, zikikaribiana huonekana una kina, kama jiwe, au kama ukungu wa Vuga wenyewe unapoanza kufunguka. Na kuzunguka tao la mlango alichora kwa uzi na rula matofali, jekundu na jeupe, jekundu na jeupe. Sikumwuliza ameyatoa wapi. Nilijua.

Yale makopo hayakupotea yote. Manne yaliyokuwa hayajafunguliwa yalirudishwa dukani. Mwenye duka aliyapokea kwa bei ya chini, tukashukuru. Mengine yalipaka milango, madirisha na nguzo za baraza, kwani rangi ya mafuta mahali pake ni mbao na chuma. Deni lililobaki kijana analilipa kwa mikono yake, kwa kupaka nyumba za watu. Haikuwa rahisi, naye hakusema kuwa ni rahisi.

SIKU YA NIKAHI

Watu wa Tanga walikuja, na mvua ikaja pamoja nao. Waliingia wakikung'uta nguo, wakaketi, wakatazama kuta. Mama mmoja mzee katika wao aliuweka mkono wake juu ya ukuta, akauliza ni rangi ya kampuni gani. Mpwa wangu, ambaye wiki tatu nyuma alitaka kuuficha udongo ule kwa nyama ya jiwe la uwongo, alijibu wazi mbele ya watu: "Ni udongo wa njia mliyopita, mama. Na chokaa." Yule mama akasema Mashaallah, akamwomba amfuatie Tanga baada ya harusi akampakie chumba chake.

Ndugu zangu, vijana hasa, msinifahamu kuwa nawakataza kupamba. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na apenda uzuri, na alitueleza hivyo alipoulizwa kuhusu kiburi, ili tujue kutenga hiki na kile. Pambeni nyumba zenu, lakini kabla ya kununua kopo moja jiulizeni mambo matatu: Je, ukuta wangu waweza kuibeba rangi hii? Je, fedha hii ni yangu? Na je, nataka nani aitazame? Atakayejibu vema maswali hayo, ataishi ndani ya kuta zake kwa raha, ziwe za marumaru au za udongo.

Wafalme wa Vuga walikuwa na udongo huo huo. Wamekwenda, nao umebaki. Sisi tumeumbwa kwao, na kwao tutarudi. Twamwomba Mwenyezi Mungu azijaze nyumba zetu baraka na ukweli, na awape maarusi wale mapenzi na rehema. Amin.